Wekundu wa Picha ya Pili

"Hivi huyu binti yako kule chuo kikuu anasomea kupaka rangi?"

Ndivyo Lalla Zhur, jirani wa ukuta kwa ukuta, alivyomuuliza Rqiya siku moja alipoingia kuazima ungo na kukuta ukuta wa chumba umebandikwa picha. Zilikuwa picha za vitu kama viazi vilivyovimba, vyekundu upande huu, buluu upande ule, na katikati kijani na njano vimeingiliana kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Lalla Zhur alizitazama kwa muda, akasema mjukuu wake wa chekechea anachora vizuri kuliko hivyo na serikali haijampa hata kalamu. Rqiya alicheka tu, akampa ungo.

Jioni ile, wakimenya njegere, Ghizlan alimweleza mama yake. Zile si rangi za kupamba. Kila molekuli, yaani kile kichembe kidogo kabisa cha dawa au sumu au sukari, ina sehemu elektroni zilikojazana na sehemu zilikopungua. Kompyuta hupiga hesabu, kisha hupaka wekundu pale zilipojazana na buluu pale zilipopungua. Ukishaiona picha, unajua molekuli itamshika nani, kwa upande gani, na nani ataikimbia.

Rqiya alielewa kwa njia yake. Yeye alikuwa msugua migongo katika hamamu, yaani bafu la umma, ya mtaa wa Sqaya, ndani ya mji wa kale wa Marrakesh, tangu mumewe alipofariki, Mungu amrehemu. Shule aliishia ya msingi. Lakini mwanamke akiingia pale mlangoni na ndoo yake, Rqiya alishajua amkalishe karibu na nani na amweke mbali na nani, maana bibi harusi na wifi yake hawawekwi kwenye bomba moja. Akamwambia binti yake, "Basi na mimi ninazo picha hizo, ila zangu zimevua nguo." Ghizlan alicheka mpaka njegere zikamwagika.

Huo ulikuwa wakati wa kucheka.

Ilipofika Shaabani, maji ya hamamu yalikuwa hayachemki tena. Maji ya pale ni magumu, yenye chokaa, na boila lilikuwa limeshika ukoko wa chokaa ndani, mnene kama ukoko wa uji ulioungua. Buazza, mchocheaji wa tanuri, alichoma kuni mara mbili ya zamani na bado wanawake walitoka wakitetemeka, wakisema kwamba siku hizi mtu anakuja hamamu kushikwa na mafua. Hajj Laarbi, mwenye hamamu, akatangaza kuwa amechoka. Kuna mtu anakitaka kiwanja ajenge hoteli ndogo ya wageni. Kama boila halitapona kabla ya Ramadhani, yeye atauza, na kila mtu atafute riziki yake pengine.

Rqiya hakulala vizuri tangu alipoyasikia hayo. Hamamu ndiyo iliyomsomesha Ghizlan. Tena hakuwa peke yake: Buazza aliishi na mkewe Mbarka katika chumba kilichokuwa juu ya tanuri, na Mbarka alikuwa na ugonjwa wa viungo. Ule moto wa chini ndio uliomwezesha kuinuka asubuhi.

Ghizlan ndiye aliyesema kwamba ukoko unaweza kuoshwa kwa asidi. Hajj akamkatiza kwamba asidi italila na boila lenyewe, hilo hata mtoto analijua. Ghizlan akasema ndiyo, lakini hiyo ndiyo kazi anayoisomea: kuna molekuli ukizichanganya na asidi, hukimbilia chuma, hukishika kwa ule upande wao mwekundu na kukifunika kama blanketi, na asidi inabaki kula chokaa tu. Alisema kwa utulivu mpaka Hajj Laarbi akakuna ndevu na kumwambia haya, binti wa marehemu, tuone hicho chuo kimekufundisha nini.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu wake, imejaribiwa kwenye vipande vya chuma na kuthibitika, ila ilibaki kidogo chupani, na kabati lilikuwa limefungwa kwa sababu chuo kilikuwa likizo na mwalimu amesafiri. Ya pili aliitengeneza Ghizlan mwenyewe, mtungi mzima, uliokuwa nje ya kabati hilo. Hiyo ilikuwa haijajaribiwa kwenye chuma. Alikuwa amepanga kuijaribu chuo kikifunguliwa. Lakini picha yake alikuwa nayo, na alipoiweka kwenye simu kando ya picha ya dawa ya mwalimu, wekundu ulikuwa ule ule, kama si wa pili kuzidi. Alimwonyesha mama yake. Rqiya akatazama, akaona kweli: viazi viwili, damu moja.

"Hakuna haja ya kungoja," Ghizlan alisema. "Ramadhani haitangoja."

Akaenda chuoni, akamsalimu mlinzi, akarudi na ule mtungi ndani ya mkoba, chini ya shali. Rqiya alimuuliza kama ameomba ruhusa. Binti akasema mtungi ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Rqiya alilisikia jibu, akaona kwamba silo jibu la swali lake, akampisha apite.

Siku ya kuosha, hamamu ilifungwa. Asidi ilinunuliwa kwa wauza vifaa vya ujenzi, Ghizlan akachanganya dawa yake humo, amevaa glovu na amejifunga kitambaa puani, na Buazza akamimina. Boila likaanza kuguna na kutoa povu. Buazza akauliza kama kelele hizo ni za heri. Ghizlan akamwambia chokaa kikiliwa hutoa povu, ni kawaida. Hakuongeza kwamba chuma nacho kikiliwa hutoa povu, wala yeye mwenyewe hakulifikiria hilo saa ile. Akamwagiza Buazza jambo moja tu: muadhini akianza kuadhini adhuhuri, afungue koki ya chini yote itoke, asicheleweshe. Kisha akaenda nyumbani kuoga, maana moshi ulikuwa umemchoma macho.

Rqiya alibaki kusugua sakafu upande wa wanawake. Ndoo yake ilipopasuka alizunguka nyuma kuomba nyingine, na ndipo alipomwona Buazza amechutama mbele ya koki, mkono juu yake, shingo ameielekeza mnarani kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Neno la kwanza la adhana likatoka. Buazza akasema bismillahi na kufungua. Maji yakatoka yenye ukijani, yakanuka, yakaenda zake mferejini. Rqiya akachukua ndoo na kurudi kazini. Hilo alilolitazama halikuwa la kukumbukwa. Alilitazama kama alivyokuwa akitazama kila kitu.

Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuja kuoga. Rqiya alikuja na chungu chake chenye masikio mawili, ndani nyama ya kondoo, ndimu ya chumvi na bizari, akampa Buazza akifukie pembeni mwa majivu kama wafanyavyo watu wote wa Marrakesh wanaotaka nyama iive taratibu. Alitaka wakile wote pamoja mchana, kushukuru. Buazza akawasha. Maji yakachemka upesi ajabu, na wanawake wakaanza kumtania Rqiya kwamba amemzaa fundi bomba mwenye shahada. Lalla Zhur, amejipaka sabuni nyeusi kutoka kisogoni hadi visiginoni, akasema kumbe kupaka rangi kuna faida.

Kisha maji ya mabomba yakapungua, yakapoa, na kutoka nyuma ya ukuta ukasikika mlio mrefu kama wa chuma cha moto kinapotumbukizwa majini. Moshi mweupe ukaingia kwa chini ya mlango. Boila lilikuwa limetoboka tumboni, si mahali pamoja, na maji yote yalimwagikia moto. Wanawake walisuuzwa kwa maji ya kisima wakipiga mayowe, Lalla Zhur akitaka kujua kama hiyo nayo inafundishwa chuoni.

Hajj Laarbi alikuja na kanzu imepinda kola. Alimkuta Buazza amesimama kwenye tope la majivu, ameungua mkono, ameshika chungu cha Rqiya alichokiokoa kabla moto haujazimika. Hajj hakuuliza kuhusu mkono. Alimuuliza aliifungua koki saa ngapi jana. Buazza akasema kwenye adhana ya adhuhuri. Hajj akasema hapana, umelala, asidi imelala na boila, ndiyo ikalila. Akasema zaidi. Alikumbusha mambo ya zamani, enzi za ujana wa Buazza, kabla hajatubu, alipokuwa akiokotwa vichochoroni amelewa. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Wengine waliokuwa wamesahau wakakumbuka, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakapata kujua.

"Lalla Rqiya alikuwepo," Buazza alisema. "Alikuja kuomba ndoo. Muulizeni yeye."

Nyuso zikageuka. Rqiya alifungua mdomo, na hapo akamwona Ghizlan. Binti alikuwa amesimama nyuma ya watu, hajajifunga hata kilemba vizuri, na hakuwa akimtazama Buazza wala Hajj. Alikuwa akitazama matundu ya boila. Rqiya alikuwa amemwona binti yake katika homa, katika mitihani na siku ya msiba wa baba yake. Uso ule hakuwa amewahi kuuona. Akaelewa kwamba ikiwa koki ilifunguliwa kwa wakati, basi kuna kitu kingine kilichokula chuma, na swali la pili litafuata la kwanza.

"Nilikuwa na ndoo mkononi," akasema. "Sikuangalia."

Buazza alimtazama mara moja tu. Mtaa mzima ulijua kuwa Rqiya huangalia. Akainama, akakiweka kile chungu mahali pakavu.

Nyumbani Ghizlan hakuvua hata viatu. Alifungua kompyuta, akaweka zile picha mbili. Rqiya aliswali adhuhuri yake, na alipotoa salamu ya mwisho akakuta binti ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kando ya kila picha palikuwa na utepe mwembamba wa rangi, kutoka wekundu hadi buluu, na kwenye ncha za utepe namba ndogo ndogo. Ghizlan alikuwa hajazisoma. Namba za picha ya kwanza zilikuwa kubwa. Za picha ya pili zilikuwa ndogo, ndogo mno.

"Kila picha imejipimia yenyewe, mama," akasema. "Kompyuta inampa wekundu yule aliye juu kabisa ndani ya picha yake, hata kama ni wa chini. Ni kama kumwita mtu jitu kwa kuwa amewazidi urefu watoto wa chekechea. Nilitakiwa niziweke zote mbili kwenye kipimo kimoja. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. La kwanza."

Akabonyeza. Picha ya mwalimu ilibaki kama ilivyo. Picha ya pili wekundu wake ulimtoka, kama uso wa mtu anayepewa habari ya kifo, ukawa njano, kisha kijani kilichofifia kote, hapana pa kushika wala pa kushikwa. Dawa ile haikukishika chuma. Ilielea tu katika asidi, na chuma kilikuwa uchi.

Rqiya alikaa kitandani. Aliuliza kama kuna namna. Ghizlan akamweleza bila kumtazama. Mtungi ule umetoka chuoni bila ruhusa. Kazi yake ataitetea mbele ya walimu baada ya Idi, na nusu ya kazi hiyo imesimama juu ya dawa ile na picha ile. Mwalimu akisikia kwamba imetiwa kwenye boila la watu kabla ya kujaribiwa, atamfukuza. Hatapata pengine pa kuingia, maana watu wa fani ile wote wanajuana.

"Umeshasema hukuangalia," Ghizlan akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi iishie hapo, mama. Nakuomba. Boila limeshakufa, nikisema au nisiposema."

Rqiya alijikumbuka akiwa ndani ya eda, amevaa nyeupe, hatoki, ni msimu wa baridi, na mtoto yuko darasa la kwanza. Kila magharibi alikuwa akikuta mlangoni jiko dogo limejaa makaa mekundu ya tanuri. Aliyeliweka hakubisha hodi hata siku moja, kwa heshima ya eda. Eda ilipokwisha, Rqiya alikwenda kushukuru, na Buazza akajifanya hajui anasema nini.

Alirudi kwenye mswala. Alisujudu, akataka kuomba, na kila alipoanza, ulimi ulileta maombi mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Mola amsitiri mwanangu. Mola amsafishe yule mtu. Akabaki paji la uso chini mpaka magoti yakauma. Hakupata neno la tatu. Alipoinuka alivaa jilaba, vazi lake refu lenye kofia, na kuivuta kofia kichwani.

"Mimi nakwenda kusema nilichokiona," alimwambia binti yake. "Ulichokifanya wewe sitakisema. Hicho ni chako."

"Ukisema hicho umesema na hiki, mama. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua."

Alipofika, tanuri lilikuwa limepoa, na huo ubaridi wa pale ndani ulimshtua, maana katika miaka yote hakuwahi kuingia humo bila kuvuta pumzi ya moto. Hajj Laarbi alikuwa na fundi wa kuchomelea, mzee anayeitwa Maati, aliyegongagonga boila kwa nyundo kisha akaiweka nyundo chini. Alikuwa akimweleza Hajj kwamba chuma kimekuwa chujio, akitia moto hapa patafunguka pale, hata afanye kazi bure. Hajj akamgeukia Buazza na kumwambia atoe vitu vyake chumbani juu. Mnunuzi akija hataki kukuta watu. Buazza akauliza kama anaweza kungojea hadi baridi ipite, kwa ajili ya Mbarka. Hajj akasema mambo ya Mbarka angeyafikiria kabla ya kulala na koki mkononi.

"Hakulala," Rqiya akasema.

Hajj akageuka.

"Nilimwona. Muadhini alitoa neno la kwanza, yeye akafungua. Alikuwa amechutama pale anangojea."

"Asubuhi si ulisema hukuangalia?"

"Nilisema uongo, Hajj. Nimeswali na uongo huo na swala haikupanda. Mimi huangalia, na mtaa mzima unajua hivyo."

Maati alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo ni kweli, yeye mwenyewe alishaangaliwa. Hakuna aliyecheka. Hajj Laarbi alisimama akipepesa macho, halafu akauliza lile swali ambalo Rqiya alikuwa ameliona likija tangu asubuhi.

"Basi ni nini kilichokula chuma changu?"

Rqiya alishika kingo za jilaba yake. Ukweli uliobaki haukuwa wake wa kusema. Tone la maji lilianguka ndani ya boila. Na kutoka mlangoni, nyuma yake, ikasikika sauti aliyoiomba na aliyoiogopa.

"Ni mimi."

Ghizlan aliingia na simu mkononi. Alisema yote, kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: mtungi, likizo, utepe wa rangi ambao hakuusoma. Akamwonyesha Hajj zile picha, kwanza zilivyokuwa, kisha zilivyo. Hajj aliziangalia, na ilikuwa wazi kwamba haoni kitu. Ila hilo alilielewa, kwamba binti wa marehemu alitia ndani ya boila lake kitu asichokijua.

"Umejua lini?" akauliza.

"Uhakika nimepata adhuhuri. Kushuku, tangu asubuhi."

"Asubuhi nilipokuwa nikimwita huyu mlevi mbele za watu?"

"Ndiyo, Hajj."

Hajj Laarbi alikaa juu ya gogo la kuni. Alisema kwamba chuo kikifunguliwa atakwenda mwenyewe kwa huyo mwalimu, na asiombwe asiende. Alisema hamamu imekwisha, nani atanunua boila jipya kwa ajili ya vikongwe wa Sqaya, mnunuzi atajibiwa kesho. Kisha akamwambia Buazza, kwa shida, kwamba yale ya asubuhi ameyafuta. Lakini chumba bado kingevunjwa na tanuri bado ni majivu, na kila mtu pale ndani alijua kwamba hakuna kilichorudi isipokuwa jina la mtu mmoja, nalo limeshachanika.

Ghizlan alisogea mbele ya Buazza na kusema nisamehe, ami. Buazza hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia Rqiya.

"Asubuhi ulipoulizwa," alisema, "ulikuwa unajua kuwa ni dawa?"

"Sikujua, Bwana Buazza. Niliogopa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa hesabu na kuikuta haina kosa. Akapanda ngazi za chumbani. Walimsikia akisema kitu na Mbarka, na Mbarka akijibu kwa sauti ya mtu aliyejifunika mablanketi. Aliposhuka alikuwa amebeba kile chungu chenye masikio mawili. Mdomo wa chungu ulikuwa umefungwa upya kwa karatasi safi na uzi, na majivu yalikuwa yamepanguswa. Harufu ya ndimu na bizari ikajaa mle ndani.

"Mbarka amekimalizia kwenye jiko letu la makaa," akasema. "Kimeiva."

Alimpa Rqiya, na Rqiya akakipokea kwa mikono miwili kwa kuwa kilikuwa cha moto. Alitaka kusema akae nacho, wakile wao. Buazza alikwisha kugeuka. Aliiegemeza sepeto yake ukutani, mahali pake pa siku zote, akainama kupita mlango mfupi wa tanuri, akatoka.